Kofia ya Kamera ya Cornel na Kichwa cha Kaka Yangu

Cornel mpiga picha nilimchukia kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua nikaona sikukosea.

Kwao Masumbwe. Mama yake alizaa watoto saba wenye macho mawili mawili, wa nane akatoka jicho la kushoto limefumba, likakataa kufumbuka mpaka siku alipoonyeshwa kamera. Hayo niliambiwa na mtu asiyesema uongo, ila jina lake nimelisahau. Ninachokijua kwa macho yangu ni kwamba alifika kwetu Maganzo mwaka mmoja baada ya Malkia wa Waingereza kuvishwa taji. Alishuka kwenye lori la pamba na suruali ya kaki iliyopigwa pasi, viatu kavishika mkononi visipate vumbi. Miguu yenyewe ilikuwa na vumbi kuliko ng'ombe wetu. Huyo ndiye Cornel. Vitu vyake vilioga, yeye akangoja.

Kamera yake ilikuwa ya kukunjuka, unaivuta mbele kama mivukuto ya mhunzi. Mwishoni kuna jicho la kioo, na juu ya jicho hilo alikuwa akivisha kidude cheusi cha bati, cha duara, kama kikombe kisicho na kitako. Alikiita kofia. Kabla ya kila picha atakipuliza, atakifuta kwa leso, atakivisha, atakivua, atakifuta tena, na mteja kasimama juani mpaka jasho linamwingia kwenye meno.

Mimi nilikuwa msichana wa kuuza karanga pale barabarani, kwenye ungo, penye wachimbaji na wanunuzi wa vijiwe vya almasi. Siku moja nikamsogelea.

"Msumbwa, hiyo kofia ya nini?"

"Ya kukinga jua."

"Kamera nayo huumwa kichwa?"

"Jua likiipiga jichoni, picha inakuwa maziwa. Mtu yumo, lakini kama umemmwagia maziwa."

"Si usimame jua likiwa mgongoni kwako."

"Ndivyo ninavyosimama. Kofia ni ya siku ambayo haiwezekani."

"Basi kinga kwa kiganja."

"Kiganja hutetemeka. Tena huingia kwenye picha na mwenyewe hujui, kwa sababu kidirisha cha kuchungulia kiko huku juu na jicho liko kule chini." Alikuwa hata haniangalii.

"Haya, nipige na mimi."

Hapo ndipo akaniangalia, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi wa mnadani. "Wewe mwenye karanga subiri kwanza," akasema. "Kioo hiki ni kimoja tu, na uso huo unaweza kukipasua."

Wachimbaji wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilirudi nyumbani na karanga zangu zote, na njia nzima nilikuwa natafuta pa kumuuma.

Kesho yake alfajiri nikapapata, pale lamboni tunapochota maji. Nilimkuta mwanamke wa kijiji cha pili, mwenye masikio makubwa na mdomo usio na mlango. Nikamwambia, shoga, ile ya Cornel si kofia. Ni pembe ya dawa. Ndani yake umo ulimi wa manju aliyekufa, na manju yeyote akichunguliwa kupitia humo, sauti inamtoka kama maji kwenye kibuyu kilichopasuka.

Kwetu manju ndiye mtunzi na mwimbishaji wa ngoma. Bila sauti yake, kundi lake ni watu wanaorukaruka shambani. Na huo ulikuwa msimu wa mbina, baada ya mavuno, makundi mawili yanapopanga ngoma zao uwanja mmoja kutafuta nani atavuta watu wengi. Kila upande una dawa zake, na kila upande unaogopa dawa za mwenzake. Kwa hiyo neno langu lilianguka kwenye majani makavu. Mchana ile pembe ilikuwa imeota nywele. Jioni ilikuwa inakunywa maziwa. Nililala nimefurahi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba asubuhi ileile mayu, mama yangu mzazi, alikuwa amekwenda kwa Cornel.

Kaka yangu Makoye ndiye alikuwa manju wa upande wetu, na siku inayofuata ngoma alikuwa apande lori kwenda kuchimba dhahabu Geita. Watu walikuwa wakienda huko wakapotelea huko. Mjomba wetu alikwenda mimi sijaota meno, na mayu alikuwa ameshasahau kama pua ya mdogo wake huyo ilikuwa pana au nyembamba. Jambo hilo lilimtesa kuliko njaa.

"Nataka uso wa Makoye," aliniambia aliporudi. "Sauti hainitishi, watu wataimba nyimbo zake. Uso hauimbwi. Nimemwambia Cornel aje siku ya mbina."

Nilitakiwa kusema hapohapo. Nikaenda kukoroga uji.

Siku ya ngoma Cornel alichelewa. Alikuja alasiri, jua limeshaanza kuinama, na kwenye filamu yake zimebaki picha mbili tu, nyingine amewamalizia wanunuzi wa almasi. Makoye alikuwa uwanjani, njuga miguuni, chatu amejiviringisha kiunoni mwake kama mkanda. Chatu yule alikuwa mrefu kiasi kwamba mkia ulifika uwanjani siku moja baada ya kichwa. Upande wetu ulipangwa magharibi, uso kuelekea mashariki waliko wapinzani.

"Makoye, geuka huku jua likupige usoni," Cornel akasema.

"Nimpe Mageni mgongo?" Makoye akamjibu. Mageni alikuwa manju wa upande wa pili. "Manju akimpa mwenzake mgongo ngoma haijaisha, ameshindwa. Piga hivihivi."

Kwa hiyo jua likawa nyuma ya Makoye, juu ya bega lake, linamtazama Cornel usoni. Ndiyo ile siku aliyosema haiwezekani. Cornel akatoa kofia yake nyeusi, akaipuliza, akaivisha.

Ngoma za upande wa pili zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Mwenye pembe atoke," Mageni akasema.

Walikuja na fimbo, si chini ya mia nne, ingawa mayu alisema ni kumi na tano. Walimzunguka Cornel. Akawaonyesha kidude chake. "Ni bati hili. Shikeni, nuseni." Nani alishike? Waliruka nyuma kama kawatupia nyoka.

"Nani kawaambia ni pembe?" Cornel akauliza.

Yule mwanamke wa lamboni akageuza shingo kunitafuta. Mimi nilikuwa nachambua karanga mbovu, na siku hiyo karanga mbovu zilikuwa nyingi sana.

"Ivue," wakamwambia, "au tuivunje pamoja na kamera yako."

Cornel akavua. Wakaisukuma kwa fimbo, wakaifunika kwa chungu, na mwanamke mmoja mnene wa kwao akakikalia chungu hicho mpaka kikapasuka. Ngoma zikaanza tena.

Picha ya kwanza Cornel aliipiga kwa hasira, jua likiingia kwenye kioo bila hodi. Akatikisa kichwa. Ikabaki moja. Mayu alikuwa amesimama pembeni, mikono kaifumbata kifuani, anamwangalia mwanawe kama mtu anayejaza mtungi. Cornel akaangaza huku na huku, akaniona.

"Mwenye karanga. Mwaga hizo, lete ungo. Simama hapa kulia kwangu, uinue, kivuli kianguke kwenye kioo. Usishuke. Ukishuka hata kidogo sitakuona."

Nilimwaga karanga zangu. Naapa nilitaka kuikinga vizuri picha ile kuliko nilivyotaka kuolewa. Nikainua ungo. Cornel akainama kwenye kidirisha chake. Na hapo Mageni, mbwa yule, akatunga palepale:

"Msumbwa mwenye pembe, mkia umeuacha wapi? Zizi gani limekuzaa, ng'ombe wa nusu wewe?"

Nilicheka. Mtu hucheka kwa tumbo, na tumbo likicheka mikono haibaki juu. Kamera ikalia *ta*.

Makoye aliondoka kwa lori kabla jua halijachomoza kesho yake. Cornel alirudi baada ya wiki mbili na picha mbili kwenye bahasha, kofia yake imebonyea ubavuni kwa uzito wa yule mnene aliyekalia chungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nionyeshe mwanangu."

Ya kwanza ilikuwa maziwa matupu. Ukiitazama sana unaona njuga, ukiitazama zaidi zinapotea. Ya pili ilikuwa safi kama maji ya asubuhi. Magamba ya chatu unayahesabu, vidole vya Makoye unavihesabu, hata kovu la goti lipo. Kuanzia shingoni kwenda juu, giza jeusi la duara.

Mayu aliigeuza, akatazama nyuma ya karatasi. "Kichwa kiko wapi?"

"Muulize binti yako," Cornel akasema. "Kilikuwa chini ya ungo wake. Na ile habari ya pembe, muulize yeye pia. Nimeshazunguka lambo zima, naijua ilikotoka." Hakunywa hata uji. Mayu hakunigusa. Ningependa angenipiga.

Aliitundika ile picha isiyo na kichwa penye mlango, kila anayeingia aione. Mgeni akiuliza, mayu anasema tu, "Nyanzobe, mweleze mgeni." Basi nikawaeleza. Wengine niliwaambia chatu alikimeza kichwa picha ikipigwa, akakirudisha baadaye. Wengine niliwaambia radi ilikipitia. Mwalimu wa dini nilimwambia Makoye alikuwa ameinama kusali. Mayu alikuwa akisikiliza yote, anapukuchua mahindi, na mgeni akitoka ananitazama. Miaka sita hiyo.

Cornel alifungua studio Shinyanga mjini. Sikumsamehe, na sijamsamehe. Nilisikia ana kiburi kuliko zamani, kwamba kuku wake hatagi mpaka amefungwa leso, kwamba amemfukuza bwana harusi kwa kupepesa jicho. Mengine hayo niliyasikia kwangu mwenyewe, lakini yamo katika tabia yake. Kama unaniuliza kofia ile ina faida au haina, nitakujibu ina faida, na sitakujibu mara mbili.

Mwaka wa saba Makoye akarudi. Alikuwa na mvi za mapema pembeni, na kikohozi cha mashimo. Aliinama mlangoni, akakutana na mwili wake mwenyewe ukutani.

"Huyu si mimi? Kichwa changu kiko wapi?"

Mayu hakuinua macho kwenye mahindi. "Nyanzobe, mweleze mwenyewe."

Nilikuwa na ya chatu mdomoni, tayari kabisa. Lakini mwenye kichwa alikuwa mbele yangu, na kichwa kiko juu yake, kinaningoja. Nikasema lambo, nikasema pembe, nikasema ungo, nikasema kicheko. Makoye akakaa kwenye kigoda.

"Nimemaliza mahindi mangapi nikiyangojea hayo," mayu akasema. "Haya, nendeni kwa Cornel. Mkalete kichwa."

Tulimkuta amenenepa, kamera ileile, kofia ileile yenye bonyeo. Hatukusalimiana kwa moyo. Alimkalisha Makoye kwenye kiti, akaivisha kofia.

"Humu ndani hamna jua," nikasema. "Kofia ya nini?"

"Dirisha lile lina mwanga wa pembeni," akajibu bila kugeuka. "Halafu umekuja wewe. Kaa nje, na mikono yako niione."

Nilikaa nje barabarani, mikono magotini, wapita njia wakiniuliza kama nimekamatwa.

Picha aliyotupa ilikuwa ya kichwa peke yake. Imeanzia kwenye shingo, ikaishia juu ya nywele, kila mvi mahali pake. Makoye akauliza mabega yako wapi.

"Nimepiga kilichopungua," Cornel akasema. "Mwili mlishachukua."

Mayu alikitundika kichwa juu ya kiwiliwili, akakisogeza kwa kidole mpaka shingo zikakaribia, ingawa hazikukutana. Alikaa mbele yake mpaka uji wake ukapoa. Siku hizi wageni hawaulizi tena kichwa kiko wapi. Wanauliza kwa nini kichwa ni kizee kuliko mwili wake, na hilo nawajibu ninavyotaka.