Nilimufundisha Mutoto Wangu Kusema Nimekufa

Bandugu, mutoto wangu wa tumbo alinikana mbele ya batu. Kosa ni yangu, nakubali. Mais hii maumivu, weh! Acha niseme yote, juu nikinyamaza itanipasua.

Jina siweke. Butembo ni ndogo, na batu banasemaka sana.

Bwana yangu alienda Manguredjipa kutafuta zahabu. Alisema ataregea mbele ya Noeli. Wapi! Alioa mwengine kule kule. Miye nilibaki upande wa Beni na binti yangu, nitamuita Kavira, alikuwa na miaka sita. Kisha vita ikatufukuza na kule. Tukafika Butembo na gunia moja ya nguo, na njala.

Hapa kulikuwa masœur moja, mutawa wa kanisa. Asubuhi anaosha bazee benye batoto yao balibatupa, kisha anabapikia maharagi. Mama moja alizalia barabarani, masœur akamupatia matela yake ya kulalia, yeye mwenyewe akalala kwa kirago. Alikuwa pia na nyumba ya yatima, anabalisha, anabasomesha. Mais yatima tu! Mutoto mwenye mama, anamujaza tumbo na kumurudisha kwa mama yake, juu bitanda byake bilikuwa bichache.

Ndipo shetani akaniingia. Ao ni njala, sijue.

Nilimukalisha Kavira chini. "Bakikuuliza mama iko wapi, utasema nini?"

"Iko hapa."

"Hapana! Mama alikufa. Balimuua kwenye shamba. Sema!"

Alikataa. Nikamunyima kiazi mpaka aseme. Aliposema, alilia kabisa kabisa, na miye nikafurahi. Nikajiambia, sawa, analia kama yatima. Franchement, niliwaza vile!

Kesho yake nilimusukuma mpaka kwenye mulango ya masœur, nikajificha nyuma ya migomba. Masœur akatoka na tabuliye yake ya kupikia kifuani, akainama, akamufuta kamasi, akamubeba, akaingia naye. Nilikuwa naona mukono ya mutoto wangu kwenye shingo ya mwengine.

Nikaanza kuuza makala, ile mukaa ya kupikia. Nilikuwa napitaka pale na gunia kichwani, nimuone tu. Mara ya kwanza Kavira aliponiona, alikimbia: "Mama! Mama!" Nikamupiga kofi. "Usiniite vile hapa! Unataka bakufukuze?" Masœur akauliza kuko nini, nikamujibu mutoto amekosea mutu.

"Muhurumie, mama," masœur akasema. "Banakosaka mama, banamutafuta kwa kila mwanamuke."

Alininunulia makala yote, bila kupunguzisha bei. Nilirudi nyumbani namucheka. Mutu mwenye roho safi vile, nikamuona mujinga!

Kavira hakurudia tena. Akaanza kuniita mama wa makala, sawa bengine. Nikasema bon, ni mutoto, akikomaa ataelewa. Na akasoma, bandugu! Uniforme safi, viatu, Kifaransa inatoka kinywani bila kugonga. Nilikuwa naringa peke yangu, juu hakuna mutu nilikuwa naweza kumuambia.

Hii mwaka akafanya examen d'État, mutihani ya kumaliza sekondari. Siku résultats bilitoka, munajua sisi Bacongomani: kelele muji muzima, na kila mama anakimbia na poudre, ile unga nyeupe ya kujipaka, kumumwagia mutoto wake kichwani. Nikasikia Kavira alipita. Nani angenishika? Nilinunua boîte ya poudre ile kubwa. Nilikimbia mpaka sandali moja ikabaki kwenye matope, sikugeuka.

Nikakuta bote banacheza kwenye parcelle, kiwanja ya masœur. Masœur na uzee wake alikuwa nyeupe mpaka kwenye kope, naye anacheza! Nikafungua boîte, nikapiga kelele: "Mutoto wangu! Mutoto wa tumbo yangu!" Nikamwaga.

Kavira akarudi nyuma. Poudre yote ikaanguka chini.

"Mama wa makala, umekosea mutu."

Yesu! Batu bakacheka. Nikasahau haya, nikalalamika pale pale: "Ni miye nilimuzala! Muangalie goti yake, ile kovu ni maji ya moto ya kwangu! Miye ndiye nilimuambia aseme nimekufa!"

Kicheko ikaisha. Masœur akamuuliza Kavira kama ni kweli. Kavira akaangalia chini, na ile ilitosha.

Masœur akakaa kwenye banc. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Ile siku nilibaki na kitanda moja," akasema. "Nyuma ya binti yako akakuya mutoto mwengine, yatima wa kweli, kutoka Kalunguta, na mama muzee kipofu anamushika mukono. Nilibapatia maharagi, nikabarudisha. Nilipopata nafasi nilibatafuta, sikubaona tena." Akajifuta macho na poudre ikajaa humo.

Nikatoka. Kavira akanifuata mpaka mulangoni. Nikafungua mikono, nikiwaza anakuya kunikumbatia.

"Ulisema umekufa," akaniambia. "Nilikulilia kwa masœur miaka mingi, usiku kwa usiku. Kilio yako nilishamaliza. Sasa unataka nianze tena?" Akaingia, akafunga mulango pole pole.

Mutoto bila aksanti! Nilirudia hii neno njia yote. Nani alimubeba tumboni? Nani alimutafutia ile masomo? Ni miye! Na shingo yangu imepinda juu ya magunia ya makala, nikimuzunguka miaka yote kama mwizi. Anikane leo, siku ya furaha! Nilimukasirikia mpaka sikula.

Mais nikitulia, najua nani alianza. Kavira alinikana mara moja. Miye nilimukana kila siku nilipopita pale. Masœur nilimuibia kitanda. Na ule mutoto wa Kalunguta, hata jina yake sijue, wala kama alikomaa.

Weye mama unayesoma hii, uko na njala, unawaza bongo, uongo kidogo, haina neno: mutoto mupeleke kwa batawa, mais mushike mukono mpaka ndani. Sema, miye ni mama yake. Bakikurudisha, rudi naye, mulale njala mukiwa pamoja. Njala ya ile mwaka ilipita. Hii haipite.