Barza ya Vioo ya Mama Orpa

Malachie Kakule alikuwa seremala wa milango na madirisha mjini Butembo, na kama ulitaka kumkasirisha, ilitosha kumwambia kwamba kazi yake imekaribia kwisha. Kwake kitu kilikuwa kimekwisha au hakijakwisha, basi. Wateja walimtania kwamba watoto wao watazaliwa, wataoa na watazeeka wakisubiri mlango wa Malachie, naye hakucheka. Alipiga randa, akapima, akapiga randa tena. Lakini mlango wake ukishafika kwako ulifungwa bila kelele hata wakati wa mvua, na hilo hakuna aliyelibishia.

Mkewe Orpa alikuwa amemzoea. Alimcheka mbele ya watu na kumtetea akiwa hayupo. Ugonjwa wa viungo ulimwanzia vidoleni, akasema ni uzee wa kufua nguo. Ukashuka magotini, akaacha kufua. Butembo ni mji wa baridi. Asubuhi ukungu unalala juu ya mabati, na mchana mvua haichelewi. Kila siku binti yao Joyeuse alimtoa mama yake na kiti chake hadi uani. Jua likihama, na kiti kinahama, mpaka mvua iwarudishe ndani wote wawili. Ikafika wakati Orpa hawezi tena kusimama peke yake, na uso wake uliokuwa mwepesi wa kucheka ukaanza kukunjamana kwa maumivu.

Kulikuwa na jambo moja alilolisimulia mara kwa mara. Alipokuwa msichana, mama yake alifanya kazi kwa Mzungu mwenye shamba la pareto kule Masereka, ambako baridi inaishinda hata ya Butembo. Nyumba ya yule Mzungu ilikuwa na barza, yaani kibaraza, iliyozibwa kwa vioo, na Orpa alitumwa kuifagia. Nje upepo unakata masikio. Ndani, jua likipita kwenye vioo, joto kama la mgongoni mwa mama. Alifagia polepole kwa makusudi, alisema, na kila kona aliifagia mara mbili.

Malachie alikuwa ameisikia hadithi hiyo tangu ujana wao bila kuitilia maanani. Siku moja, akimtazama Joyeuse anavyokihamisha kile kiti, ilimwingia. Akamwambia mkewe kwamba atamjengea barza ya vioo, tena si hapa kwenye ukungu, bali Kyavinyonge, kando ya ziwa Edouard, ambako marehemu baba yake Orpa, mchuuzi wa samaki, alimwachia kiwanja ukingoni mwa maji. Kule jua ni jua. Ubaya wake ni upepo wa ziwani unaovuma jioni, na vile vidudu vidogo vinavyopanda kutoka majini kama moshi na kuingia mpaka kwenye mboga. Vioo vingezuia vyote viwili na kuliachia jua lipite. Orpa alicheka siku ile kama hakuwa mgonjwa, akamwuliza kama atamaliza kabla ya Yesu kurudi.

Ilikuwa miaka ya vita. Butembo na Beni zilikuwa mikononi mwa waasi wa huku, upande wa Kayna mikononi mwa waasi wa kule, na kila kundi lilikuwa na barrière yake, kizuizi cha askari barabarani, na njaa yake. Mtu mwenye akili timamu alifukia alichokuwa nacho na kukaa kimya. Malachie ndiyo kwanza akaanza kujenga. Watu walipomwambia kwamba vita havingoji kupakwa rangi, aliwajibu kwamba hata magoti ya mkewe hayangoji amani. Jibu lilikuwa zuri, na laiti angelikumbuka mwenyewe baadaye.

Nyumba yenyewe ilikwenda vizuri. Ukuta ulipanda, mabati, au manjanja kama tunavyoyaita, yakapigwa, chumba cha kulala kikapata kitanda. Kazi ilikuwa kwenye barza. Malachie alijua kwamba nchi yetu iko katikati kabisa ya njia ya jua: kuna miezi linapita upande wa kushoto wa nyumba, na miezi linapita upande wa kulia. Mzungu wa Masereka aliweka vioo upande mmoja tu, ndiyo maana nusu ya mwaka barza yake ilipoa. Malachie aliamua kuweka pande tatu, mbele kuelekea maji na ubavuni pande zote mbili, ili mwezi wowote Orpa asigeuze hata kiti. Fremu alizitengeneza kwa libuyu, mbao ngumu nyekundu za misitu ya Beni, na kila fremu aliitoboa matundu chini ili maji ya mvua yasilale. Wavuvi waliokuwa wakipita na nyavu mabegani walisimama kutazama, wakaiita kanisa.

Vioo, vitre kwa usemi wetu, vilitoka Uganda, vikavushwa Kasindi, vikaletwa kwa mtumbwi wa mashine. Kioo husafiri kimesimama, kimebanwa na majani makavu pande zote, kwa sababu kikilazwa, uzito wake wenyewe unakivunja. Mzigo wa kwanza ulikutana na barrière pale bandarini Kasindi. Askari waliona sanduku refu jembamba, wakasema hiyo ni sanduku ya bunduki, wakaliangusha chali, wakalikalia huku wakisubiri mkubwa wao. Malachie alipolifungua Kyavinyonge hakukuta hata kipande chenye upana wa kiganja. Aliagiza vingine, na vita vikawa vimefunga njia ya Kasindi, ikawa kungoja.

Hapo ndipo Orpa alipoomba apelekwe ziwani hivyohivyo. Hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa amekonda, usiku halali, na msimu wa mvua ulikuwa umeingia Butembo kwa nguvu zote. Joyeuse alikuwa ameshaongea na vijana wa kumbeba kwenye kipoyi, machela ya miti, hadi penye gari, na dereva wa gari la samaki alikubali kumlaza mbele.

"Baba Joyeuse, unipeleke tu vile iko," alisema. "Manjanja iko, kitanda iko. Vitre zitanikuta kule."

Malachie alimjibu kwamba nyumba haijakwisha na haijaombewa. Inafaa nieleze, maana kwa mgeni neno hili litaonekana dogo. Kwetu, katika familia za Kiprotestanti, nyumba mpya haikaliwi kabla ya kufunguliwa: mchungaji anakuja, kwaya inaimba mlangoni, watu wanaombea kila chumba, wanakula pamoja, ndipo mwenye nyumba analala. Na nyumba inayoombewa ni ile iliyokwisha. Malachie alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mzee mwenzake alihamia kwenye nyumba isiyo na milango, naye Malachie akakataa kula kwake mbele za watu wote. Angewaambia nini leo?

"Batu batasema nini, mama?" ndivyo alivyomwuliza mkewe. "Uvumilie kidogo. Utaingia kwa heshima, na kwaya mbele yako."

"Sitaki kwaya, Baba Joyeuse. Ninataka jua."

Joyeuse alipiga magoti. Si mara moja. Alimwambia baba yake kwamba mama hana muda, kwamba mchungaji mwenyewe, akiulizwa, angeruhusu. Malachie hakutaka mchungaji aulizwe kitu. Nitasema ninavyoona, hata kama nduguze watanikasirikia: haikuwa dini, na haikuwa ukatili. Alitaka kumpa kitu kizima. Maisha yake yote alimpa mke huyo vitu nusunusu, nguo ya mtumba, nyama ya Krismasi, ahadi. Safari hii alitaka aingie, atazame juu na chini, asikute pa kulalamikia. Alimpenda kwa namna ya seremala, na namna hiyo haina haraka.

Njia ilipofunguka, vioo vya pili vilifika vizima vizima. Malachie alikuwa hana amani, akashuka ziwani siku ileile, akaanza kuviweka, akivikandikia mastiki ya kuvishikilia kwa kidole gumba, akiimba. Watu wa Kyavinyonge wanasema hawajawahi kumwona akifanya haraka kama siku zile. Pande mbili zilikwisha, wa tatu ukabaki na nafasi mbili tupu. Alikuwa ameinua kioo, amekishika kwa mikono miwili, yule dereva wa samaki aliposhuka kutoka Butembo na kusimama mbali kidogo, kofia mkononi, bila kusalimia.

Malachie aliona ile kofia. Alikirudisha kioo kwenye majani yake, taratibu, kikiwa kimesimama kama inavyotakiwa, ndipo akauliza ni lini.

Alipofika Butembo mama wa watu alikuwa ameshaoshwa na kuvalishwa. Majirani ndio waliomsimulia mambo, maana Joyeuse hakumsemesha. Walisema siku za mwisho mvua haikukatika, lakini Orpa alidai atolewe nje kila jua lilipochungulia, hata kama ni kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kila gari la samaki lilipopita aliuliza kama vioo vimefika. Alipoambiwa vimefika, alifurahi, akawaagiza wasimsumbue mumewe, wamwache amalize.

Wakamzika kwenye parcelle, kiwanja chao cha Butembo, nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Ziwani hakukuwa na njia ya kumfikisha, barabara ilikuwa imeharibika na bunduki zilikuwa nyingi. Mchungaji alihubiri kwamba dada yetu amehamia kwenye nyumba iliyokwisha, nyumba isiyohitaji fundi. Alikusudia kufariji. Malachie aliinuka kwenye benchi ya mbele, akapita katikati ya watu, akaenda kusimama barabarani kwenye tope. Hakulia. Katika matanga yote hakulia, na wanawake walimsema kwa hilo.

Baada ya hapo alirudi Kyavinyonge, kwa sababu Butembo kulikuwa na kile kiti. Zile nafasi mbili hakuziziba kwa kioo, alitundika turubai. Hakulala ndani ya nyumba. Alijibanza kwenye kibanda cha vifaa vyake, akawatengenezea wavuvi makasia na vibao vya kukalia. Mchungaji alimletea habari kwamba yuko tayari kuja kuifungua nyumba, iwe faraja. Alijibu kwamba haijakwisha. Barza ilikaa imefungwa kwa kufuli, jua likiingia asubuhi hadi jioni bila mtu.

Mwezi wa sita vita viliamka upande wa kusini. Watu wa Kayna walikimbia huku na huko. Wengine waliteremka hadi ziwani na kupanda mitumbwi kuelekea kwetu. Asubuhi moja mtumbwi ulitua mbele ya kiwanja cha Malachie, karibu uzame kwa watu. Akashuka mama mmoja, Virginie, na wanawe, na bibi yao aliyebebwa mgongoni, wote wamelowa, watoto wakigongana meno. Upepo wa usiku ulikuwa bado mkali. Malachie aliwatazama, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli, akausukuma mlango. Joto la humo ndani liliwapiga usoni.

Virginie hakuingia. Alitazama vioo, akatazama mbao mpya, akaona hakuna hata doa la moshi wala alama ya mtu kuishi. Alikuwa mtu wa kanisa kama yeye.

"Papa, nyumba hii iliisha kuombewa?" akauliza.

"Bado."

"Basi acha tukae hapa inje tu. Ni ya familia yako, baingie kwanza."

"Mwingie, mama," Malachie akasema. "Mungu hatafukuza mutu juu ya vitre mbili."

Maneno yalimtoka kirahisi, akayasikia yakiwa yameshatoka. Watoto hawakungoja zaidi, walipita chini ya mkono wake. Bibi aliwekwa sakafuni palipopiga jua, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akashusha pumzi ndefu, akasinzia palepale. Hakuna aliyeimba. Hakuna kilichoanguka. Nyumba ilipokea watu kama nyumba nyingine yoyote, na kazi yote ilikuwa imechukua muda wa kuzungusha ufunguo.

Malachie alizunguka nyuma ya ukuta, akajishika kwenye nguzo, na hapo ndipo alipomlilia mkewe, kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichojali majirani. Virginie alitoka mbio akidhani wamemkosea. Akamwambia asikasirike, kwamba watatoka sasa hivi, watatafuta mahali pengine.

Malachie alitikisa kichwa.

"Mukae," alimwambia. "Mukae tu, mama. Ni mimi nilichelewa."