Chupa ya Krismasi ya Fundi wa Friji

Fundi wa friji wa mtaa wetu wa Chang'ombe amefariki. Wengi wenu mmeshapata habari, maana friji zenu alizitengeneza yeye. Aliugua kifua kwa muda mfupi tu, tukamzika wiki chache kabla ya Krismasi, na mimi bado nina hasira. Sina hasira na kifo, hicho hakina wa kukigombeza. Nina hasira na jirani mmoja aliyefika msibani, akavua viatu, akakaa jamvini, akampa mjane pole, kisha kwa sauti ile ile ya pole akauliza friji lake lililoko uani atalichukua lini, na kama lilikuwa limeshatiwa gesi. Mjane alimjibu kwa upole. Mimi nilitoka nje kwenda kupumua.

Marehemu alikuwa mtu wa Masasi, mpole kupita kiasi, na upole huo ndio unaonikera hadi leo. Tangu ruksa ya kuagiza bidhaa za nje iingie na maduka yajae vitu, kila nyumba ilijipatia friji lililochoka Ulaya likaja kumalizia uhai wake Temeke. Kila umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, mtu alikwenda kumgongea fundi. Hakuwa na ofisi wala saa za kufunga kazi. Lakini ruksa hiyo hiyo ilimletea kitu alichokipenda: mvinyo wa Italia wenye mapovu, ambao sote tuliuita shampeni, ingawa mwenye duka kule Kariakoo alituambia si shampeni, na ndiyo maana hata fundi anaumudu. Zamani chupa za namna ile tuliziona kwenye picha za wakubwa wakipongezana. Sasa zilisimama rafuni karibu na sabuni, kwa bei ya kuku wawili. Fundi alinunua moja kwa ajili ya Krismasi, kwa sababu mkewe alikuwa ameomba jambo moja tu, na aliliomba mbele yangu. "Mume wangu, watoto wameshakwenda kwao. Mwaka huu nataka tule sikukuu mie na wewe. Miaka yote nakula sikukuu na friji za watu."

Siku ilipofika walitoka kanisani, wakala pilau, naye akaiweka chupa kwenye friza ili ipoe haraka. Ndipo akaja jirani, yule yule wa msibani, anahema. "Fundi, nisaidie mara moja tu braza, bia zangu zinachemka na wakwe wapo sebuleni!" Jamani, hakuna maneno yaliyokula umri wa mtu yule kama hayo ya mara moja tu. Akaenda. Alipomaliza huko akaitwa nyumba ya pili, na kutoka hapo nyumba ya nyuma yake. Aliporudi jua limekwisha kuzama, chupa imeganda na kupasuka. Fundi wa friji wa mtaa mzima, na mvinyo wake umekuwa barafu iliyochanganyika na vigae! Mkewe alikuwa bado amevaa gauni lake la sikukuu, glasi mbili ziko mezani. Fundi alicheka. Mkewe hakucheka.

Mwaka uliofuata fundi alinunua chupa nyingine, na mkewe akafunga mlango na madirisha. Nyie mnaoishi mitaa yetu mnajua kilichotokea. Kwetu mlango wa sikukuu haufungwi. Watoto wapite kusalimia, sahani za pilau ziende na kurudi, Waislamu kwa Wakristo. Mlango uliofungwa mchana wa Krismasi maana yake ndani kuna mgonjwa mahututi au kuna maiti. Haukupita muda, akina mama wakawa barazani wamejifunga khanga, mmoja ameshaanza kulia. "Jamani fungueni, kuna nini humo?" Fundi akafungua. Kwa aibu akaitoa chupa, akawamiminia wanaokunywa kwenye vikombe vya chai mpaka ikaisha. Mkewe aliambulia kizibo.

Ujirani wetu nauheshimu. Bila ujirani huo, mjane angezika na nani? Lakini tumefungua soko, kila kitu kinapatikana, hata mvinyo wa Italia tunaumudu, ila mchana mmoja wa mtu na mkewe bado ni marufuku. Mtu akitaka kutulia nyumbani kwake tunasema anaringa, na kama haringi basi anakufa. Na marehemu naye! Angeshindwa nini kusema, leo hapana, njoo kesho? Angeweza kukutajia kila kifaa cha friji huku amefumba macho, lakini neno hapana lilimshinda mpaka anaingia kaburini. Naandika haya nimekasirika, na nampenda.

Krismasi hii iliyopita nilikwenda kumjulia hali shemeji, yule mjane. Nikaukuta mlango umefungwa, na barazani yuko nani? Yule yule, amekuja na mkokoteni kuchukua friji lake, kana kwamba mwaka mzima una siku moja. "Hodi, hodi! Mama, samahani, mara moja tu!" Nilikuwa nafungua kinywa nimseme, nikasikia ndani kizibo kinafyatuka, kisha mlio wa kumimina: glasi moja, halafu ya pili. Kumbe marehemu alikuwa ameshanunua chupa ya sikukuu hiyo kabla hajaugua.

"Hodi!"

"Tupo," shemeji akajibu kutoka ndani, "lakini leo hatufungui. Tunakula sikukuu."

Jirani akanigeukia. "Tupo? Kwani yuko na nani?"

"Yuko na mumewe," nikamwambia, nikamsaidia kugeuza mkokoteni. "Njoo kesho."

Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu, naye akainuka kujaribu komeo la mlango wetu. Kwa hiyo nawatangazia mapema, majirani na wasomaji wangu. Krismasi ijayo mkipita kwangu mkaukuta mlango umefungwa, msijifunge khanga, wala msianze kulia. Hatujafa. Tupo.