Aliyenifundisha Nilimkana Mbele ya Wageni

Admin, nifichie jina, wifi zangu wote wamo humu. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, nakaa Mabela, huku Uarabuni, na nafanya kazi ofisini Al Khuwair.

Mwaka jana nilirudi chuo. Chuoni kwetu, somo ukiona unaliweza unafanya mtihani wake tu. Ukifaulu wanakuhesabia kama umelisoma muhula mzima. Nikataka kuliruka somo la takwimu, lililonishinda tokea ujana. Wiki mbili nikakaa na kitabu, sielewi kitu.

Nyumbani kwangu anafanya kazi binti wa Kiganda, nimwite Prossy. Siku moja nimeinamia kitabu jikoni, akachungulia akasema taratibu, "Madam, hapo umegawanya kwa namba siyo." Nikamuuliza kajuaje. Akasema alisoma hesabu chuo kikuu kwao miaka miwili, baba yake akafariki, akaacha.

Basi kila siku baada ya Alasiri tukawa tunakaa meza ya jikoni. Alinifundisha kwa tende za aina mbili ndani ya bakuli, nichomoe bila ya kutazama, mpaka nikaelewa. Nikikosea hakunicheka. Akaniomba kitu kimoja tu: "Nimesoma kwamba hata mtu asiye mwanafunzi anaruhusiwa kujiandikisha kwa mitihani hiyo. Na mimi nataka nijaribu. Nahitaji pasi yangu ya kusafiria." Pasi yake mume wangu ameiweka kabatini. Nikamwambia inshallah.

Nikaufanya mtihani wa takwimu, nikafaulu. Mama mkwe akaja na wifi yangu, tukakaa kwa halwa na kahawa. Wifi akauliza, "Nani kakusomesha weye?" Prossy amesimama pale pale na sinia ya vikombe. Nikajibu, "Nani anisomeshe? Nimejisomea mwenyewe kwenye simu."

Mama mkwe akamgeukia Prossy. "Umemuona bibi yako alivyo na akili? Na weye ungesoma usingekuwa hapa."

Wakacheka, na mie nikacheka nao. Prossy akasema, "Ndiyo, Mama," akaendelea kumimina kahawa.

Wiki ile ile usajili wa mitihani ukafungwa, na pasi sikuwa nimeiulizia. Nilimwambia nimesahau. Uongo. Niliogopa akifaulu ataondoka, na mie nimebakiwa na mtihani mwengine, wa hesabu. Akajibu, "Sawa, Madam," bila ya kunitazama. Kesho yake Alasiri akaja mezani mwenyewe, akafungua kitabu changu cha hesabu. "Leo tuanze sura ya pili." Wallahi ningependa anitukane. Tangu siku hiyo kila akinieleza kitu naitikia tu, macho nimeyashusha, kama mtoto aliyeiba.

Sasa usajili umefunguliwa tena, mwisho Alkhamisi. Juzi nikamwambia mume wangu anipe ile pasi. Akasema, "Akipata cheti huyo, atakaa akufulie?" Na mie ndivyo nilivyowaza.

Leo asubuhi nimeitoa kabatini bila ya kumwambia. Imo ndani ya mkoba wangu hapa ofisini. Mume wangu nitajua la kumwambia. Ila Prossy akiipokea, nitamtazama vipi? Na nikimuomba radhi jikoni, sisi wawili tu, itatosha, wakati nilimkana mbele za watu? Mama mkwe anakuja Ijumaa. Nishaurini, wenzangu, wala msinionee haya.