Nilikataa kuanika nyumba za akina mama kwenye ramani, nikafukuzwa internship Same. Sijuti

Wakuu, salaam kwenu nyote, walioko kazini na wanaojifanya wako kazini.

Humu nimesoma nyuzi nyingi za intern kutumwa chai na kufotokopi. Yangu ni tofauti kidogo. Mimi nilifukuzwa kwa kukataa kufanya kazi ambayo niliisomea kabisa.

Ninachoandika hapa kilinitokea mimi mwenyewe. Majina na baadhi ya mambo ya kumtambulisha mtu nimebadilisha, na kijiji sikitaji, mkifika mbele mtaelewa kwa nini. Wale wa "weka picha", picha hakuna.

Mimi ni binti wa Kipare, nyumbani ni huko juu milimani, upande wa Myamba. Nilisoma data science, nikamaliza, nikarudi kupalilia tangawizi ya mama na degree yangu kabatini. Baadaye nikapata internship kwenye shirika moja la misaada, ofisi Same mjini. Ni shirika dogo, msijichoshe kukisia.

Ilikuwa baada ya mafuriko. Watu wa Same mnaijua mvua yetu. Inanyesha milimani, huku chini jua linawaka, watu wameanika mahindi. Ghafla maji yanashuka na mawe na matope. Vijiji vya tambarare upande wa Makanya viliumia sana. Nyumba za udongo zilikwenda, vyoo vilikwenda, mbuzi, vyakula, magodoro.

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na simu ya ofisi. Nani anaishi hapa? Kuna mtoto mchanga? Kuna mlemavu? Kuna mama anayelea peke yake? Simu inachukua location na picha ya nyumba. Nikirudi ofisini naandika code ya kupanga nani afikiwe kwanza.

Na niseme ukweli, niliipenda. Kuna mzee asiyeona alikuwa ng'ambo ya korongo, gari la misaada halikuwahi kufika kwake. Mfumo ulimpandisha juu kabisa ya orodha, kesho yake akapelekewa turubai na unga. Siku ile nilitembea Same mjini nikijiona mtu.

Kwa hiyo asije mtu hapa akasema sipendi teknolojia.

Sasa. Siku moja nikafika kwa mama mmoja, tumwite Mama Zawadi. Alikuwa kibarua kwenye machimbo ya jasi, mikono myeupe kwa vumbi. Anaishi na binti yake mdogo. Nusu ya nyumba ilikuwa imeanguka.

Nilikuwa nimechoka, ulimi ukateleza, nikamsalimia kwa Kipare badala ya Kiswahili.

Yule mama akarudi nyuma hatua nzima.

"Wewe ni wa huko juu?"

"Ndiyo mama, ila nimetoka ofisini mjini. Ni mambo ya msaada wa mafuriko."

Akaitazama simu mkononi mwangu. Kisha akasema hajakataa msaada, ila anataka kujua hiyo simu inaandika nini. Nikamweleza yote, na location.

"Na nani ataona?"

"Sisi wa ofisini tu, mama. Hakuna mwingine."

Hapo ndipo akaniambia. Kwao ni mbali, alikuja ujana wake kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akaolewa milimani. Mume alikuwa anampiga mpaka siku moja akamvunja mkono. Akamchukua mtoto, akashuka bondeni bila kuaga mtu. Mume na ndugu zake bado walikuwa wanamuulizia minadani.

"Waliapa wakinipata wananichinja," alisema, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Ndiyo maana nimeuliza, mwanangu."

Nikamwandika kwa ahadi ile.

(Umeme ulikatika wakuu, nimerudi. Tuendelee.)

Wiki zikapita. Meneja wetu akapata taarifa kuwa wageni wa wafadhili wanakuja siku ya kugawa magodoro. Akaniita, akanipongeza kwa ile ramani niliyokuwa nimewatengenezea watu wa ofisi. Unabonyeza nukta, inafunguka picha ya nyumba, jina la mwenye kaya, hali yake.

"Hii tunaiweka wazi," akasema. "Link moja, mtu yeyote duniani afungue. Tutaionyesha kwenye projekta kijijini, halafu turushe kwenye magrupu ya wilaya."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia bosi, humo mna akina mama wanaoishi peke yao, mtu anaweza kuongozwa na simu yake mpaka mlangoni. Nikamwonyesha ramani nyingine inayojumlisha kwa kata, bila jina, bila nyumba.

Akacheka. "Wafadhili wanataka kuona mtu, hawataki kuona kata."

"Tuliwaahidi itabaki ofisini."

"Nani aliahidi? Wewe ni intern. Data ni mali ya shirika."

Nikasema mimi siiweki. Akaniuliza kama nakihitaji cheti cha internship. Nikamwambia nakihitaji sana. Na bado siiweki.

Kazi hiyo akampa kijana wa IT aliyekuwa Arusha. Alikuwa na nakala, kwa hiyo hata ningefuta ya kwangu isingesaidia. Nilirudi nilikopanga nikalia kwa hasira. Kisha nikajiuliza, hivi hii data ni ya nani? Ya Meneja? Ya kwangu? Wenyewe wapo, wana akili timamu, kwa nini tunagombana ofisini bila wao?

Siku ya kugawa tulikusanyika uwanja wa shule. Magodoro yamepangwa, wageni wawili kutoka Dar wamekaa mbele, projekta iko darasani. Meneja akaniambia nieleze jinsi mfumo unavyofanya kazi, kwa ufupi, na tabasamu.

Nikasimama.

Nikawaamkia wazee shikamoo. Nikasema: "Nilipopita kwenu niliwaambia habari zenu zitabaki ofisini. Leo ofisi inataka kuziweka mtandaoni. Picha ya nyumba yako, jina lako, unaishi na nani. Yeyote mwenye simu ataona. Mimi nimekataa, lakini siyo mimi wa kuamua. Ni nyinyi."



Meneja akaja kunishika bega, nikabaki palepale.

Nilimwona Mama Zawadi nyuma kabisa. Uso wake sitausahau. Na hapo ndipo nikagundua tatizo: akinyanyuka yeye peke yake, kesho kijiji kizima kitauliza anajificha nini. Nilikuwa nimefungua mlango ambao yeye hawezi kuupita.

Aliyenyanyuka ni Mama Mbonea. Huyu ni mama mtu mzima, mwanakwaya wa Kilutheri, ana mume, ana watoto wakubwa, hana cha kuficha mbele ya mtu yeyote.

"Ya kwangu itoeni."

Meneja akamwambia taratibu kwamba ramani inasaidia kuleta misaada zaidi.

"Mwanangu, kama bei ya godoro ni watu kujua ninapolala, lichukue. Nimelala chini tangu mafuriko, sijafa."

Mwingine akasimama. "Na ya kwangu." Akafuata mzee mmoja wa Kimasai. "Na mimi." Wakaendelea kusimama hivyohivyo, wanaume kwa wanawake. Katikati ya wale wote, Mama Zawadi naye akasimama. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mgeni mmoja akamuuliza Meneja nani aliamua iwe wazi. Meneja akasema, "Hii ilikuwa idea ya intern wetu."

Wakuu, niliona giza. Nikasema kwa sauti, mbele ya uwanja mzima: "Siyo kweli bosi. Mimi nilikukatalia ofisini kwako, na unajua."

Wageni wakasogea pembeni na Meneja. Projekta ikafungwa. Magodoro yakagawiwa kwa watu wote, hakuna aliyenyimwa. Ile link haikuwahi kurushwa popote, nimeitafuta sana.

Mama Zawadi alinipita na godoro kichwani kama hanijui kabisa. Na ndivyo ilivyotakiwa.

Jumatatu nikaitwa. Nimeidhalilisha ofisi, sina nidhamu, nirudishe simu na kitambulisho. Cheti hakuna, barua ya utambulisho hakuna. Nikarudisha, nikamuaga mlinzi, nikapanda gari la milimani.

Tangu hapo nimeenda interview kadhaa. Wakifika kwenye "mbona hukumaliza internship?" nawaeleza hivi hivi nilivyowaeleza nyinyi. Wengine wanatazamana. Kuna mmoja alinishauri niseme niliugua. Sitasema niliugua. Nilikuwa mzima kuliko siku zote.

Mama yangu aliposikia alinuna siku nzima, akaniambia kiburi hakijawahi kulipa ada. Jioni akaniletea chai shambani. Nikaelewa tumemalizana.

Nilichojifunza: mtu aliyepoteza nyumba hajapoteza haki ya kuulizwa. Njaa haimfanyi mtu kuwa maonyesho. Na ninyi vijana mnaoingia kwenye hizi kazi, bosi anaweza kukunyima cheti, hawezi kukufanya usijue ulichokijua.

Uwanja ni wenu. Waliowahi kupitia kama haya leteni visa. Na wale mnaotaka kuniambia nilikosa nidhamu, karibuni pia, sikimbii. Ila kabla hujaandika, anza kwa kuweka hapa location ya nyumba yako, picha ya mlango, na unalala na nani.

Halafu tujadili.