Picha Iliyo Juu ya Kitanda cha Wageni

Admin, ficha jina langu, maana nikijulikana sitatoka tena nje. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, mjane, naishi Ilala. Kwetu ni watu wa pwani, watu wa stara. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Marehemu mume wangu alikuwa mchoraji. Alianza kwa kuandika mabango ya maduka Kariakoo. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, wazungu wakajaa mjini, wakaanza kununua picha zake, jina likapaa. Wengi wenu mnamjua.

Tulipokuwa maharusi aliniomba anichore bila nguo. Nilikataa, nikalia. Akaniapia, "Nikimaliza naichoma, hakuna jicho lingine litakaloiona." Nilikuwa mtoto, nampenda, nikakubali. Baadaye akawasha moto uani, akachoma turubai la picha lililokunjwa mbele yangu. Niliamini ndiyo yenyewe.

Mwaka huu hoteli moja ndogo ya kisasa Kariakoo imetenga chumba cha kumuenzi. Mwanangu wa pekee ndiye aliyewapa vitu vya baba yake: brashi, redio, picha alizozikuta stoo. Siku ya ufunguzi akanishika mkono kwa fahari, akaniingiza mbele ya wageni.

Juu ya kitanda nikajiona. Niko uchi, nimegeuza uso kidogo, khanga niliyopewa na mama yangu imeanguka miguuni.

Mgeni mmoja akauliza, "Huyu ni nani?"

Mwanangu akacheka. "Hatumjui. Nadhani ni hawara wa mzee. Wasanii hao!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mwenye hoteli akadakia, "Huyu ndiye anayetuletea wateja. Kila mtu anataka kulala chini yake."

Nikasema, "Itoeni."

"Mama, kuna nini?"

"Nimesema itoeni sasa hivi!"

Mwanangu akanivuta kando, akaninong'oneza kwa ukali, "Usiniaibishe mbele za watu. Baba amekufa, bado unamwonea wivu mwanamke wa kwenye picha?"

Nilimzaba kofi, mtu mzima mwenye watoto. Nikaondoka na buibui langu, sikuaga mtu.

Tangu hapo ameutangazia ukoo kwamba mama yake anagombana na hawara wa marehemu. Wifi zangu wananicheka kwenye simu. Nami nimemeza.

Jana mwanangu kaja, hata shikamoo hakutoa. Kasimama mlangoni, akasema, "Nimekuja kukwambia mapema usije ukafanya fujo. Ile picha wanaikuza, wanaitundika nje ukutani, barabarani kabisa. Ijumaa."

Barabara ile ndiyo tunayopita sote kwenda sokoni. Mashoga zangu wa ujana bado wapo, na sura yangu ya wakati ule wanaikumbuka.

Nikimwambia ukweli, mwanangu atajua kuwa aliyemwita hawara na kumwanika uchi mbele za watu ni mama yake mzazi. Namjua, hatajisamehe. Nikinyamaza, Ijumaa Kariakoo nzima itanitazama. Marehemu simwombei tena, na anayetaka kuniambia nimsamehe apite tu, asijisumbue kuandika.

Wenye wazazi, wenye watoto, nisaidieni kabla ya Ijumaa. Mimi mama mtu nimwambieje mwanangu kwamba yule ni mimi? Au ninyamaze?