Nani Atampa Ruhusa

Kwa Kiurdu, mama wa mama yako unamwita Nani. Mimi sikulijua hilo nilipoletwa Toronto. Mjukuu wangu, mtoto wa kike wa binti yangu, alikuwa na miaka tisa. Siku ya kwanza aliporudi kutoka shule alitupa begi kwenye kochi, akanisalimia nusunusu, akafungua mlango tena.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Nani."

"Nakuuliza unakwenda kwa nani, nawe unaniuliza mimi?"

"Kwa Nani!" akasema, akaniona mjinga, akavuka korido.

Mlango wa pili kutoka kwetu, hapa ghorofani mtaa wa Thorncliffe, anakaa mama wa Kipakistani wa rika langu. Binti yangu ni nesi, zamu zake hazitabiriki, na kabla sijaja yule mama ndiye aliyekuwa akimpokea mtoto shuleni na kumlisha. Nikaambiwa nishukuru. Nikashukuru. Nikampelekea sahani ya vitumbua. Lakini kushukuru ni jambo moja, na kumsikia mjukuu wako anampa mtu mwingine cheo chako ni jambo jingine. Mama wa mama ni mimi. Kama kuna Nani katika jengo lile, ni mimi.

Kwetu Morogoro mtu haondoki kama paka. Anaaga. Akienda sokoni anaaga, na akienda safari ndiyo kabisa: anakuja mbele ya mkubwa wake, anaomba ruhusa, anaombewa dua, ndipo anashika njia. Mjukuu wangu alikuwa anasema "I'm off" mlango ukiwa umeshaanza kujifunga. Nikamuuliza mama yake, off si ndiyo wanavyosema taa ikizimwa? Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtoto anajizima mbele yangu kila asubuhi, nicheke nini?

Nikamfundisha. Alipokuwa na miaka kumi na mbili hivi, alisimama mbele yangu, begi mgongoni, akasema kwa heshima zote, "Bibi, nimekuja kuwanga."

Alitaka kusema kuaga. Kuwanga ni kazi ya wachawi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Ijumaa nikawasimulia wanawake wenzangu msikitini, nao wakamwita mwanga wetu, mwanga wetu, mpaka akaenda kukaa mlangoni penye viatu. Tangu hapo Kiswahili anakisikia chote, lakini jibu linatoka kwa Kiingereza. Mlango wa pili ndiko ulimi unakofunguka. Napika huku nawasikia wanavyocheka, yeye na Nani wake, Kiurdu kinamwagika kama maji ya bomba, na mimi vitunguu vinaungua.

Mwaka jana binti yangu akaniandikisha darasa la Kiingereza la wazee. Nimesoma mpaka la nne tu, sioni haya kulisema. Jirani naye akaandikishwa, tukakaa meza moja kwa sababu hakuna mwingine niliyemjua. Siku moja mwalimu akafundisha maneno ya kuanza safari. Leave, depart, set off, set out. Akayaandika ubaoni, akataka kila mtu aseme kwao wanasemaje.

Jirani akaanza. Rawana. Safar. Kooch, ambalo akaeleza kwa mikono kwamba ni la watu wengi wanaong'oa mahema. Wenye lugha hiyo walikuwa nusu ya darasa: huyu anaongeza, yule anasahihisha, ubao ukajaa. Mwenye Kiswahili nilikuwa peke yangu.

Zamu yangu ilipofika nikasema, kufunga safari.

"Oh, safari!" mwalimu akafurahi, akachora simba.

Nikamwambia sisi tukifunga safari tunafunga mizigo, hatufungi simba. Jirani akanigusa mkono, akajipiga kifuani: "Safar. Letu." Basi hata safari nikanyang'anywa, nusu ikaenda kwa simba, nusu kwa jirani.

Nikatoa la mwisho: kuaga. Mwalimu akafikiri, akaandika "say goodbye". Nikakataa. Hayo ni maneno ya mdomoni tu, unayasema hata kwa dereva wa basi. Anayeaga anasubiri kupewa kitu. Mwalimu akainua mabega. Nikamtazama jirani, naye kimya. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Wana maneno tele ya kwenda, la kuaga hawana.

Mwaka huu mjukuu akapata chuo Halifax. Ni mbali, ni kwa ndege. Nilitaka kitu kimoja tu: aje aniage, kwa lugha yangu. Sikumwambia. Ukishamkumbusha mtu akuombe ruhusa, unakuwa umeiomba wewe.

Siku ya kuondoka mama yake alitangulia na mizigo kwenda kuwasha gari. Mimi nilikuwa nimeshakaanga vitumbua vya njiani, nimejitanda khanga mpya, nimekaa kochini nikiutazama mlango. Msichana akapita mbele yangu mbio, akatoka.

Nikasubiri. Nikatoka korido.

Mlango wa pili ulikuwa wazi. Jirani amenyanyuka kwa vidole vya miguu, ameinua msahafu uliofungwa kitambaa cha kijani, na mjukuu wangu, mrefu yule, anainama apite chini yake, kama wanavyofanya wao kwa msafiri. Akapita, akageuka, akasema, "Nani, rukhsat?"

Mimi nilichosikia ni ruhusa. Wazi kabisa. Neno langu, mlangoni kwa mtu.

"Unaomba ruhusa huku?" Sauti yangu ilimtoa nje hata mtu wa mlango wa nne. "Ruhusa ya mjukuu wangu anaitoa nani?"

"Nani," akajibu mtoto, kisha akajiziba mdomo.

Jirani akashusha msahafu, akaanza kunieleza kwa Kiingereza kilichovunjika kama changu. Rukhsat ni la anayeachana na wakubwa wake. Hata bibi harusi akitoka kwao, rukhsat. Kumbe wanalo! Siku ile darasani alikuwa nalo mfukoni, hakuelewa tu nilikuwa nauliza nini.

"Nilikuwa najaribu kuaga hapa kwanza, Bibi," msichana akasema, kwa Kiingereza chake. "Nani hanicheki."

Nikarudi nikasimama kizingitini pangu, pale ndipo penye haki yangu. Simu yake ikaanza kulia, bila shaka mama yake huko chini anaambiwa aondoe gari. Hakuipokea. Akaja, akapiga goti juu ya zulia lile chafu la korido.

"Shikamoo, Bibi. Naomba rukhsa."

Kha ilitoka kooni, ya mlango wa pili.

"Ruhusa," nikasema.

"Ruhusa."

"Marahaba. Ruhusa ya nini?"

Akaniangalia kwa macho ya mama yake alipokuwa mdogo na mtundu.

"Ya kuwanga."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta uleule, naye safari hii akacheka pamoja nami. Nikamwekea mkono kichwani, nikasoma nilichosoma. "Nenda, mama. Kawange salama, urudi salama."

Jirani akasogea na msahafu wake, anataka ampitishe tena. "Imetosha," nikamwambia, "ameshapita." Lifti ikamchukua.

Tukabaki wawili. Jirani akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akainua kidole kimoja. "Rukhsat, ruhusa," akasema. "Moja."

"Si moja," nikamjibu kwa Kiswahili, asielewe. "Yako kaiomba kasimama. Yangu kapiga goti."

Nikaingia, nikafunga mlango. Ndipo nikaona bakuli la vitumbua mezani. Kwa haraka ile mtoto alikuwa ameviacha vyote. Nikaufungua mlango tena, nikamwita jirani aje tunywe chai.